Lupango Ni ya Nani? Historia ya Karatasi ya Nyumba Katika Lubumbashi

Maongezi haya yalisemwa kwanza kwa redio, na wengi wenu mliomba yaandikwe, kwa sababu maneno ya sheria yakisikiwa mara moja tu yanapotea njiani kabla mtu hajafika nyumbani. Nimeyaacha jinsi yalivyosemwa. Nasema nawe uliyekimbia nyumba yako na kumwachia jirani ufunguo. Nasema nawe pia, shefu wa kartiye, unayeamshwa asubuhi na watu wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na wote wawili wanasema: lupango ni yangu.

Mimi nimesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, lakini somo la kwanza juu ya karatasi ya nyumba nililipata kwa bibi yangu mzaa baba. Yeye alikuwa mtu wa Kasai; bibi yangu mwingine, mzaa mama, alikuwa Mulamba wa upande wa Kipushi. Mwaka 1993 yule wa Kasai alitoka Likasi kwa treni. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu na miti miwili ya maembe. Alichobeba ni nguo chache na mto wa kulalia, na ndani ya mto alikuwa ameshona karatasi ya lupango. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nikabaki Lubumbashi kwa wajomba. Kwa miaka mingi bibi alilalia karatasi ile akiamini kwamba maadamu anayo, nyumba inamngoja. Nitarudi kwake. Kwanza nataka ujue karatasi ya nyumba ilitoka wapi, kwa maana usipojua ilizaliwa kwa ajili ya kazi gani, hutajua inakulinda mpaka wapi.

Zamani, katika nchi hii ya Balamba, Basanga, Babemba na wengine, ardhi haikuwa na bei. Ilikuwa ya wazee waliolala chini na ya wale watakaozaliwa, na chifu aliilinda kwa niaba yao. Mgeni alipokuja aliomba, akaonyeshwa mahali pa kulima na kujenga. Akihama, mahali pale palirudi kwa wenyewe. Ushuhuda ulikuwa katika vinywa vya majirani na katika makaburi.

Karatasi ilikuja na nguvu za bunduki. Mmekwisha kusikia habari za Msiri, mfalme wa Garenganze kule Bunkeya, ambaye alikataa kujiweka chini ya bendera ya Leopold II, akapigwa risasi tarehe 20 mwezi wa 12, 1891, na ofisa wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Compagnie du Katanga. Lakini jambo ambalo hawatuambii sana shuleni ni hili: siku Msiri alipoanguka, sheria juu ya ardhi yake ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu miaka 6. Tarehe 1 mwezi wa 7, 1885, utawala wa Leopold ulitoa amri kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali ya Leta, na kwamba mapatano yoyote na wenyeji juu ya ardhi hayana nguvu bila ofisa wa Leta. Na ni nani aliyepima kama mahali panakaliwa au hapakaliwi? Mwenyewe aliyepataka. Pori la kuwinda, mashamba yaliyopumzishwa, mito ya kuvua samaki, vyote vikahesabiwa kuwa vitupu.

Mwezi uliofuata, tarehe 22 ya mwezi wa 8, 1885, ikatoka sheria nyingine ya kuweka utaratibu wa kuandikisha haki za ardhi. Na utaratibu huo Leopold hakuutunga. Aliukopa kutoka Australia.

Hapa nawaomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye siri ya mambo yote. Katika mji wa Adelaide kulikuwa na mtu aliyeitwa Robert Torrens. Kabla hajaingia siasa alikuwa mkubwa wa forodha bandarini, na aliona kwamba meli hubadilisha mwenyewe bila taabu: kuna kitabu kimoja cha meli, jina la mwenye kuuza linafutwa, jina la mwenye kununua linaandikwa, basi. Lakini nyumba na mashamba kwa sheria ya Kiingereza yalikuwa balaa. Mnunuzi alipaswa kufuata mlolongo wa karatasi za zamani, baba aliyepata kwa babu, babu aliyenunua kwa fulani, na karatasi moja ya uongo katikati iliweza kumwangusha yule wa mwisho ambaye hakujua lolote. Mwaka 1858 sheria ya Torrens ikapita kule Australia ya Kusini. Kuanzia hapo mnunuzi hakulazimika kuchimbua karatasi za zamani. Aliangalia kitabu cha Leta. Aliyeandikwa kitabuni ndiye mwenyewe, na Leta inasimama nyuma ya maandishi yale.

Ndiyo njia tuliyo nayo mpaka leo katika Kongo. Kile tunachokiita sertifika, ile karatasi ya kuandikishwa inayotolewa na konservatere wa ardhi, inatengenezwa mara mbili. Moja inafungwa ndani ya kitabu cha ofisi, nyingine anapewa mwenye haki. Ndiyo sababu juu yake utakuta namba ya volime na namba ya folio: ni buku gani, ukurasa gani. Shika neno hilo, ukurasa, maana tutalitumia sana.

Basi ona jinsi historia inavyocheza na watu. Kitabu kilekile ambacho Australia kilitungwa ili kumwondolea mnunuzi mashaka, hapa kwetu kiliwanyang'anya wazee wetu, kwa sababu wao hawakuwa na ukurasa ndani yake. Mimi sikubaliani na wale wanaosema kwamba kwa hiyo tukitupe. Silaha ikiwa imekwisha kuingia nyumbani, afadhali mwenye nyumba ajue namna ya kuishika.

Tuje sasa kwenye mji wetu. Reli ya kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka uleule Élisabethville ikaanza kupimwa, barabara zikikatana kama mistari ya daftari. Ardhi ilikuwa mikononi mwa Comité Spécial du Katanga, ambayo wazee waliiita CSK, iliyoundwa mwaka 1900 kwa theluthi mbili za Leta na theluthi moja za kampuni. Mzungu aliyepata kiwanja mjini alipata na ukurasa wake. Mfanyakazi wa Union Minière alipata nyumba ya kambi: kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Na mtu mweusi aliyejitafutia maisha nje ya kambi alikaa cité, ile ambayo leo ni Kamalondo, na baadaye Kenya (komini yetu, si nchi ya Nairobi), Katuba na Ruashi. Huyo alipata ruhusa ya kukaa, pamoja na kitabu kidogo chenye jina lake, namba ya lupango na mihuri ya kodi.

Kitabu kidogo kile ndicho baba wa karatasi nyingi zinazotugombanisha leo. Baada ya vita vya 1940 mji ulijaa, na ofisa mmoja wa Kibelgiji, Grévisse, akaanzisha njia ya kuwakopesha watu vifaa vya kujengea, kila mtu ajijengee na alipe kidogo kidogo. Nyumba nyingi za matofali ambazo babu zetu walijivunia zilisimama kwa namna hiyo. Watu walibeba simenti, wakapika matofali, wakalipa deni mpaka franka ya mwisho, wakasema: sasa ni yangu. Kuta zilikuwa zao, kweli. Lakini chini ya kuta, katika kitabu cha konservatere, hakukuwa na ukurasa wao. Sheria ya kumruhusu Mkongo kuwa na nyumba na ardhi yake mwenyewe kwa kuandikishwa ilitoka tarehe 10 mwezi wa 2, 1953, miaka 68 baada ya kitabu kufunguliwa, na miaka 7 tu kabla ya uhuru. Waliopata ukurasa katika muda huo mfupi walikuwa wachache, watu wa kazi nzuri na shule ndefu.

Kisha ikaja 1960. CSK ilivunjwa mwezi wa 6, siku chache kabla ya uhuru, na tarehe 11 ya mwezi wa 7 Katanga ikatangaza kujitenga. Sitazungumza siasa ya mambo yale. Nataka tu ukumbuke kwamba mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, hasa Baluba, walikimbia nyumba zao za komini na kukaa katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa hapahapa mjini, na mwaka 1962 wengi wakarudishwa kwao kwa treni na ndege. Kila aliyepanda treni ile aliacha mlango nyuma yake. Je, nani aliingia katika mlango ule? Na alikuwa na karatasi gani?

Baada ya vita Leta mpya ilitaka kurudisha ardhi mikononi mwake. Mwaka 1966 ikatoka sheria ambayo watu waliiita sheria ya Bakajika, na tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, ikatoka ile sheria kubwa ya ardhi, namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu chake cha 53 kilisema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi na haipotei kwa kukaliwa miaka mingi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema «nimenunua ardhi», ujue amesema kwa desturi tu. Alichonunua ni nyumba, pamoja na haki ya kutumia kiwanja iliyotolewa na Leta. Mkongo anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho, na kuiachia watoto. Mgeni wa nchi nyingine anapewa ya miaka, isiyozidi 25, ingawa inaweza kufanywa upya. Hayo yote yameandikwa juu ya sertifika yenyewe. Soma kabla ya kutoa franka zako.

Sasa nitakuonyesha jambo ambalo limeliza familia nyingi, na sitaji jina la mtu wala la ofisi. Baba mmoja anatafuta nyumba. Komisionere anampeleka Katuba, anaonyeshwa lupango nzuri, mwenyewe yupo, anacheka naye, majirani wanamjua. Wanapatana bei. Wanaandika karatasi juu ya meza, mashahidi wanne wanatia sahihi, shefu wa kartiye anapiga muhuri, watu wanakunywa bia. Yule baba anahamia na furaha. Miaka mitatu baadaye anakuja mama mwenye sertifika mpya yenye jina lake, na karatasi ya tribinali ya kumtoa nje. Kumbe muuzaji aliuza mara mbili. Yule baba wa kwanza alikuwa na mashahidi. Yule mama alikwenda kwa konservatere.

Nani ana haki? Moyo wako unasema ni yule wa kwanza, na mimi nakuelewa. Lakini kifungu cha 219 kilisema kwamba haki ya kutumia kiwanja inathibitishwa kwa sertifika tu, na nyumba iliyojengwa inafuata sertifika ya kiwanja. Mapatano ya mezani yanamfunga muuzaji kwako: amekula franka zako, unaweza kumshitaki akulipe na kukupa fidia. Lakini mpaka jina libadilishwe kitabuni, ambayo watu wanaita mutasio, kwa macho ya watu wengine wote nyumba bado ni ya muuzaji. Anaweza kuiuza tena. Wadai wake wanaweza kuikamata. Akifa, watoto wake wanaweza kusema hawakujui.

Mutasio yenyewe haina maajabu. Mnakwenda mbele ya notere mkatie sahihi akte ya kuuzisha. Sertifika ya zamani inarudishwa kwa konservatere na kufutwa. Malipo ya Leta yanatolewa. Inatengenezwa mpya kwa jina la mnunuzi. Kabla ya hapo unamwomba konservatere akuambie ukurasa ule unasemaje: mwenyewe ni nani hasa, kuna deni la benki lililoandikwa, kuna kesi. Watu wa kadastri wanakuja kuangalia kama mipaka ya simenti iko mahali pake. Najua mtasema: hayo yanakula franka na miezi. Ni kweli, na ni aibu kwamba mtu mdogo anachoka kwa kupanda na kushuka ngazi za ofisi. Lakini nimewaona waliookoa franka za mutasio wakazilipa mara kumi kwa avoka.

Jambo moja zaidi juu ya muuzaji. Kama ana bibi wa ndoa, sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mapatano ya wote wawili kwa kuuza nyumba. Mnunuzi anayesema «mama hakuwepo, baba alisema hakuna neno» amejinunulia kesi. Na wewe mama, usikubali uitwe kutia kidole juu ya karatasi usiyosomewa.

Nimesema sertifika ina nguvu. Ni nguvu ya namna gani? Kifungu cha 227 kilisema kwamba inaaminiwa kabisa juu ya haki zilizoandikwa ndani yake. Kama ilitolewa kwa kosa au kwa udanganyifu, aliyeumizwa anaweza kuomba ifutwe, lakini katika muda wa miaka miwili tangu siku ilipotengenezwa. Miaka miwili ikipita, haiguswi tena. Anabaki na haki ya kudai fidia kwa yule aliyedanganya. Sheria ilitaka mnunuzi wa kweli apate usingizi. Lakini fikiri sasa juu ya mtu aliyekimbia. Yeye yuko Mwene-Ditu au Mbujimayi, hana habari, na hapa miaka miwili inahesabika kimya kimya. Kwake yeye saa ileile inayomlinda mnunuzi inageuka kuwa saa ya mwizi. Mimi naona sheria haikumfikiri mtu huyu ilipoandikwa.

Na watu wa namna hiyo tuliwafanya wengi. Mwezi wa 8, 1992, Konferensi Kuu ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi awe waziri mkuu, mahali pa Nguza Karl-i-Bond. Kwetu Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, maneno ya siasa yakageuka kuwa fimbo na moto. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa, wana wa wafanyakazi walioletwa na reli na Union Minière, walifukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata Kolwezi. Kwenye gare watu walilala wiki na miezi wakingoja treni. Watoto walikufa njiani kwa magonjwa. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengine waliuza nyumba kwa bei ya kutupa katika mchana mmoja. Wengine hawakupata hata mchana huo.

Sikiliza vizuri, shefu, kwa maana hapa ndipo kazi yako ilipo. Karatasi za siku zile ziko za namna tatu, na si sawa. Kuna mtu aliyekuwa na sertifika, akakimbia bila kutia sahihi popote. Ukurasa wake uko palepale. Ili jina lingine liandikwe ilipasa ukurasa ule ufungwe kwa sahihi yake au kwa hukumu. Huyo ana mahali pa kusimama. Kuna aliyeuza huku watu wenye mapanga wamesimama barabarani. Sheria ya mapatano, ambayo kwetu ni ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, inasema kukubali kulikotolewa kwa nguvu za kutisha si kukubali halali. Lakini ni tribinali inayopaswa kusema hivyo, na kila mwaka unaopita unaifanya kazi ya kuthibitisha kuwa ngumu. Na kuna wale wengi wa komini, waliokuwa na kitabu kidogo cha lupango au fishi tu. Kwao sheria ya 1973, katika kifungu cha 390, ilisema kitabu kile kinaweza kuzaa haki ya milele kama kiwanja kiko katika mtaa uliokubaliwa kwa sheria na kimepimwa na kuwekewa mipaka. Kinaweza kuzaa, chenyewe si sertifika.

Hata hivyo, usimdharau mwenye fishi, wala yule anayekaa leo. Mara nyingi anayekaa leo hakumfukuza mtu. Alinunua mkono wa pili au wa tatu, akajenga, akazika watu wake. Jirani zetu wa Burundi walikutana na jambo hili kwa ukubwa kuliko sisi. Waliokimbia mauaji ya 1972 walirudi kutoka Tanzania baada ya miaka 30 na zaidi, wakakuta mashamba yao, hasa upande wa Rumonge kwenye ziwa, yana watu wenye karatasi za Leta. Mwaka 2006 Burundi iliunda tume ya ardhi na mali. Kwanza ilisukuma pande mbili zigawane. Baada ya 2011 ikageuka, ikaanza kumrudishia wa kwanza kila kitu, na chuki zikaamka upya, kwa sababu yule wa pili naye aliona Leta iliyomwandikia karatasi sasa inamtupa nje. Kutoka kwao nimejifunza kwamba wa kwanza anastahili kutambuliwa kwanza, kwa jina, mbele ya watu. Na mnunuzi wa nia njema asitupwe barabarani bila fidia. Mkianza na kipande cha pili kabla ya cha kwanza, mazungumzo hayaendi mbali.

Basi, shefu, wakija wale wawili asubuhi, usipige muhuri. Uliza kila mmoja: una volime gani, folio gani? Muhuri wako unashuhudia kwamba mtu anakaa kartiye yako; hauwezi kumpa lupango, wala burugumesta hawezi kumuuzia ardhi ya Leta. Watume wote wawili pamoja kwa konservatere, na wende na mtu wako mmoja. Fungua na buku la zamani la kartiye, kama panya hawajalimaliza, utazame jina la kwanza. Katiba ya 2006 iko nyuma yako: kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa mahali popote katika nchi, na cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Hakuna mahali panaposema mali ya mtu wa kabila fulani.

Na wewe uliye mbali na nyumba yako leo, kwa vita au kwa chuki, usingoje amani ya jumla ndipo uandike. Tuma barua kwa konservatere wa mahali pale: jina lako, namba ya lupango, namba ya sertifika kama unayo, na useme kwamba hukuuza wala hukumtuma mtu auze, na unapinga mutasio yoyote. Omba nakala yenye muhuri wa kupokelewa, uiweke mbali na ile karatasi ya nyumba. Kama huwezi kwenda, mpe mtu akte ya kukuwakilisha mbele ya notere, na iseme wazi kwamba anaweza kulinda, hawezi kuuza.

Nilisema nitarudi kwa bibi. Mwaka 2011, nilipokuwa mwanafunzi wa sheria, nilimsindikiza mpaka Likasi. Usiku wa kuamkia safari tulifumua mto. Ndani kulikuwa na kitabu kidogo cha lupango, jina lake na mihuri ya kodi mpaka 1991. Hakukuwa na volime wala folio. Sikuwa na moyo wa kumwambia usiku ule.

Katika nyumba tulimkuta baba mmoja na mke wake. Alinunua mwaka 1996 kwa mtu aliyejiingiza tu baada ya wenyewe kukimbia, na ofisi moja ikamtolea fishi kwa jina lake juu ya namba ileile. Mwembe mmoja ulikuwa umekatwa. Mke wake alileta viti, akaleta maji. Yule baba akasema: «Mama, mimi sikukufukuza.» Bibi akajibu: «Najua, mwanangu. Wewe uliuziwa kitu ambacho mwenye kuuza hakuwa nacho.» Kisha wakanyamaza muda mrefu, na mimi na sheria yangu nikanyamaza pia.

Tulikwenda kwa shefu wa kartiye. Alifungua buku la zamani, jina la bibi likasomwa kwa sauti mbele ya majirani, na wawili kati yao walimkumbuka. Hapo ndipo alipolia, na hapo ndipo mapatano yalipowezekana. Hakutaka kurudi kukaa. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Waliandika mbele ya notere kwamba yeye, aliyeandikwa wa kwanza, anamwachia yule baba na mke wake haki zake zote juu ya lupango, nao watamlipa kwa mafungu 10. Kiwanja kilikuwa katika mtaa uliokubaliwa, kwa hiyo kadastri ikaja, ikapima, ikaweka mipaka ya simenti. Sertifika ilitoka na majina ya mume na mke, na kwa mara ya kwanza lupango ile ikapata ukurasa.

Bibi alipokea mafungu 8, akafa. Siku ya tatu ya matanga, hapa Lubumbashi, yule baba alishuka kwenye gari la Likasi na mke wake. Alikuwa na mafungu 2 yaliyobaki ndani ya bahasha, na mfuko wa maembe ya ule mti uliobaki. Walikaa nasi mpaka usiku.